Nikiandika Nasikika Kama Kila Mtu

Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 31, karani, na kazi yangu kubwa ni kuandika mihtasari ya vikao. Nikitoka kazini huandika hadithi fupi. Nimekuwa nikiziandika tangu sekondari, lakini ni hivi karibuni tu nimeanza kuzionyesha kwa watu, na taabu imeanzia hapo.

Nimejiunga na kikundi cha waandishi wachanga. Tunasomeana kazi, kisha kila mmoja anatoa maoni. Ilipofika zamu yangu walinisifu: Kiswahili fasaha, makosa hakuna, hadithi inatiririka. Kisha dada mmoja, ambaye kwa kawaida si msemaji, akasema, "Ni nzuri, ila sijui ni ya nani. Angeisoma mwingine humu akasema ni yake, ningekubali." Watu wakacheka. Nami nikacheka, lakini usiku usingizi ulinipaa, kwa sababu alisema kweli. Nikisoma kazi zangu za nyuma, mimi mwenyewe simo.

Nimejaribu mengi. Kwanza niliacha kusoma vitabu vya watu ili wasiniambukize. Matokeo yake hata hamu ya kuandika ikakatika. Kisha nikafungua kamusi nikaanza kupachika maneno mazito. Yule dada akasema sasa anasikia kamusi. Nikageukia lugha ya vijana wa mtaani. Mdogo wangu akanicheka, akasema hakuna kijana anayeongea hivyo.

Kila ninayemuuliza ananijibu "andika kutoka moyoni" au "tafuta sauti yako". Niitafute wapi? Nikijiangalia ndani naona mambo ya ofisini tu. Kutwa nzima nasikiliza watu wakizunguka maneno. Tuna mjumbe mmoja ambaye akitaka kupinga jambo huanza kwa kumpongeza aliyelileta. Pongezi ya kwanza ni ya adabu. Ukisikia ya pili, ujue hoja inakwenda kuzikwa. Mwenyekiti naye akikosa jibu husema "hilo tumelipokea", nami naandika "hoja ilipokelewa", kana kwamba kuna mahali ilipowekwa. Maisha yangu ndiyo hayo, Mwalimu. Nani atasoma hadithi ya vikao? Na nikiiandika, wenzangu si watajitambua?

Nimekuambatanishia mwanzo wa hadithi yangu ya sasa, ya Zuhura aliyeachishwa kazi. Kuna shindano la hadithi fupi linafungwa mwisho wa mwezi huu. Nipeleke, au nisubiri hadi nipate sauti yangu? Na je, sauti mtu huzaliwa nayo?

Karani

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na hicho ulichoniambatanishia, maana wasomaji wengine hawajakiona. Hadithi yako inaanza hivi:

"Jua lilikuwa likizama taratibu, likitandaza miale yake ya dhahabu juu ya mji. Zuhura alisimama dirishani, machozi yakimtiririka mashavuni. Moyo wake ulikuwa mzito. Alijua kwamba maisha yake hayatakuwa tena kama zamani. Ukimya mzito ulitanda chumbani."

Kosa la sarufi sioni, na kikundi chako hakikukudanganya. Ila hebu tuulizane: hapo nani anaangalia? Miale imekuja na dhahabu yake, machozi na kutiririka kwake, ukimya na kutanda kwake. Kila neno limefika na mwenzake wa siku zote, na hukumchagua hata mmoja. Yamekuja yenyewe, kwa kuwa yamo masikioni mwa kila aliyesomeshwa riwaya darasani. Yangemjia vilevile anayeandika kuhusu mtu aliyefiwa, aliyeachwa na mchumba au aliyefeli mtihani. Mtoe Zuhura pale dirishani, msimamishe mtu yeyote mwenye huzuni yoyote, na aya haitatikisika. Yule dada msemaji haba alichokisikia ni hicho, na mimi ningekuwa wewe ningemkalia karibu.

Sasa chukua barua yako uisome tena kuanzia pale penye mjumbe wa pongezi. Aliyeandika "ukisikia ya pili, ujue hoja inakwenda kuzikwa" nimemsikia vizuri kabisa. Ni mtu aliyekaa kimya chumbani muda mrefu, akagundua kwamba adabu nayo ina makali. Anacheka bila kuonyesha meno. Anasema jambo mara moja na kuliacha hapo, hageuki nyuma kukueleza alimaanisha nini. Na ile "kana kwamba kuna mahali ilipowekwa" nimeirudia mara mbili kwa raha zangu, sijaiona kwa mtu mwingine. Barua umeiandika kwa haraka, ukiwa na dukuduku, ukimweleza mtu jambo ili akuelewe. Hadithi umeiandika umekaa sawasawa, ukijiambia kwamba sasa ninaandika fasihi. Mtu akikaa hivyo, jua huzama lenyewe.

Ninashuku kazi yako nayo ina mkono wake humu, wala sisemi hivi kuidharau. Muhtasari mzuri wa kikao ni ule ambao mwandishi wake haonekani. "Ilielezwa kwamba." "Mjumbe mmoja alitaka kujua." "Baada ya majadiliano, ilikubaliwa." Kuanzia kufungua kikao, kupitia yatokanayo, hadi mengineyo, msomaji asijue karani alikuwa upande gani, nani alimchosha, nani alimchekesha. Akijua, umeharibu kazi. Umeifanya kazi hiyo kwa miaka na bila shaka unaifanya vizuri. Lakini angalia inavyokutenda ukirudi nyumbani: vile vitu unavyovifuta kwa ustadi mchana kutwa, upande ulioegemea, lililokukera, lililokuchekesha wakati wengine wamenuna, ndivyo hadithi inavyovihitaji. Usiku unaketi mbele ya karatasi na mkono unaendelea kufuta, hata pasipo mwenyekiti wa kuidhinisha.

Kwa hiyo "andika kutoka moyoni" sikushauri. Moyoni kila mtu ana huzuni ileile na furaha ileile, na ukichota huko utarudi na moyo mzito wa Zuhura. Andika kutoka kwenye jicho. Sauti ya mwandishi, kwa jinsi ninavyoielewa baada ya kusoma kazi nyingi za wanaoanza, ni jumla ya vitu vidogo ambavyo mtu hufanya bila kujiuliza: anaona nini kwanza akiingia chumbani, anaruka nini, anachoka na sentensi ikifika wapi, anamwonea nani huruma, anacheka nini. Msamiati ni sehemu ndogo sana ya hayo.

Tumrudie Zuhura. Ameachishwa kazi, na katika kurasa ulizonitumia barua ya kuachishwa anayo mkononi, ila umeitaja kwa kupita tu. Wewe unashinda na barua rasmi. Ungepewa hiyo, jicho lako lingetua wapi? Langu lingekwenda chini kabisa, penye saini, nikakuta "Kny" mbele ya cheo cha bosi: kumbe aliyemfukuza hata kusaini hakusaini mwenyewe, amesainiwa kwa niaba. Au Zuhura, kwa mazoea tu, anaona kosa la tahajia katika aya ya pili na kushtukia ameshachukua kalamu kulisahihisha. Nikisoma hilo, sihitaji kuambiwa kwamba moyo wake ni mzito. Tena namjua: ni Zuhura, aliyeipenda kazi iliyomtupa. Hayo mawili ni yangu na nakuomba usiyachukue. Kaa na barua ile, ya kubuni lakini yenye tarehe, kumbukumbu namba na muhuri, hadi uone kitu ambacho mimi nisingekiona.

Usije sasa ukachukua kalamu nyekundu na kukata kila kilichozoeleka. Zuhura ana haki ya kufungua mlango kwa kufungua mlango. Hadithi ambayo kila sentensi yake inapiga kelele "niangalie mimi" inachosha kuliko ile isiyo na sauti, na wanaoanza wakishaambiwa habari za sauti hukimbilia huko. Mambo ya kupita yaandike kwa maneno ya kupita. Pale tu hadithi inapouma, ukiona neno limekuja upesi mno, lisimamishe uliulize limetoka wapi.

Hofu yako ya wenzako kujitambua nimeiona uliiweka mwishoni mwa aya, na ndiyo iliyonifanya nichague barua yako. Huenda tatizo lako si kukosa sauti. Huenda unaificha, kwa sababu mwenye sauti hujulikana, na anayejulikana huulizwa: "Kumbe sisi ulikuwa unatuona hivyo?" Aya ya machweo haimkeri mtu, ndiyo maana ni salama, na ndiyo maana haina mwenyewe. Kuhusu wenzako, dawa ipo na ni ya kiufundi. Watu hujitambua kwa sura, cheo, gari, namna ya kuvaa. Mara chache sana hujitambua kwa tabia. Mjumbe wa pongezi mfanye mwanamke kijana, mtoe kikaoni umpeleke kwenye kamati ya mazishi, mwache na pongezi zake mbili. Mwenyewe atasoma na kusema anamfahamu mtu wa namna hiyo. Siri za kikao ni suala jingine: kilichosemwa kwa faragha na kikakabidhiwa kwako kwa mujibu wa kazi kibaki faraghani. Namna watu wanavyozunguka maneno haina muhuri wa siri.

Nani atasoma hadithi ya vikao? Mimi. Na kila aliyewahi kukaa kwenye kiti kigumu akisubiri mengineyo.

Kuhusu lugha sitakaa sana. Kamusi ni ya kuhakikisha neno unalolihitaji, na ukienda huko kutafuta la kujipamba nalo, linaonekana. Lugha ya mtaani ni nzuri mdomoni mwa anayeishi nayo. Mdogo wako amekwambia bure jambo ambalo wahariri hulisema baadaye sana. Usidhani lakini kwamba maneno ya kawaida ni uvivu. Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake ya Kichomi mwaka 1974, mashairi yasiyofungwa na vina wala mizani, alieleza kwamba alikusudia kutumia lugha ya mazungumzo ya kila siku. Wapo waliomshambulia wakisema hayo si mashairi kabisa, na ubishi ule uliendelea miaka mingi. Kwa hiyo wewe chagua lugha unayogombania nayo bei, unayosengenyea na kuombea. Hiyo huwezi kuikosea.

Kuacha kusoma ndilo jaribio baya kuliko yote uliyoyafanya. Ulidhani ukijizuia sauti za watu, yako itabaki peke yake. Kinachobaki ni zile za zamani, za vitabu vya shule, usizozitambua tena kuwa ni za watu. Anayesoma mwandishi mmoja tu humwiga. Anayesoma wengi tofauti huanza kuona kwamba hata miale ya dhahabu ni chaguo la mtu fulani, na kwamba angeweza kuchagua vingine. Na kuiga kwenyewe kusikutishe. Muhammed Said Abdulla, aliyemleta Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, hakuficha sana alikoazima: mpelelezi mwenye kiko na akili kali, na Najum wa kumfuata nyuma akishangaa. Anayemjua Sherlock Holmes wa Arthur Conan Doyle ataona mara moja. Lakini soma watu wake wanavyozungumza, ule utani, kile Kiunguja kinachocheza kwenye kila jibu. Kiunzi ni cha kuazima na mazungumzo ni yake.

Basi nikupe zoezi, na hili lifanye kwa bidii kuliko mengine yote humu. Chukua waandishi watatu wasiofanana hata kidogo: mmoja wa sentensi ndefu zinazojikunja, mmoja mkavu wa maneno machache, mmoja wa mzaha. Nakili kwa mkono ukurasa mmoja wa kila mmoja, polepole, ukiona anakata sentensi wapi, anaanza na kitenzi mara ngapi, anamwita mhusika kwa jina au kwa cheo. Kisha andika tukio lilelile, tuseme Zuhura anapokea barua, mara tatu: kwa kumwiga wa kwanza, wa pili na wa tatu. Iga bila aibu. Utashindwa. Kwa yule wa sentensi ndefu utakuta unakata kabla ya wakati. Kwa yule mkavu kuna dokezo la kejeli utashindwa kulizuia lisipenye. Kwa yule wa mzaha utakuta mzaha wako ni wa chini chini, hauji na kicheko. Pigia mstari sehemu zote ulizoshindwa kuiga. Linganisha. Kama mwiko uleule umeuvunja kwa wote watatu, huo si udhaifu wa kurekebishwa. Ni tabia yako ya kalamu, na umeikamata ikifanya kazi. Watu hukesha wakiitafuta ndani ya nafsi, na kumbe iko pale kwenye karatasi ya mazoezi, imepigiwa mstari.

La pili ni la sikio. Gustave Flaubert, yule mwandishi wa Kifaransa, alikuwa akipiga kelele sentensi zake chumbani kwake ili asikie zinapokwaa. Wewe una simu. Mtumie rafiki yako ujumbe wa sauti ukimsimulia kisa cha Zuhura, bila karatasi mbele yako, kama kimetokea jana kwa mtu mnayemfahamu. Kisha kaa ufanye ule ustadi wako: uandike ujumbe huo neno kwa neno, usirekebishe kitu. Weka karatasi hiyo kando ya hadithi uliyoiandika. Sitaki uchapishe masimulizi ya mdomo yalivyo, maana mdomoni tunarudiarudia na kupotea njia. Nataka uone ulianzia wapi. Nina hakika hukuanza na jua. Angalia pia ulichokitaja mdomoni ambacho kwenye hadithi hakipo, kwa sababu mara nyingi ulikiona ni kidogo mno, au kina aibu kidogo, na ukakiacha.

Umeuliza kama sauti mtu huzaliwa nayo. Hapana, na wala haikai mahali pamoja ikisubiri uifikie. Nimemtaja Kezilahabi, mweke tena mezani. Riwaya yake ya Rosa Mistika ya mwaka 1971 inasimulia maisha ya msichana kwa namna ambayo msomaji yeyote anaifuata bila kushikwa mkono. Nagona ya mwaka 1990 ni kitu kingine kabisa, imejaa ndoto na mafumbo, na wakati hauendi kwa mpangilio uliouzoea. Ni mtu yuleyule. Ukiamua leo kwamba sauti yako ni hii na kuifunga hapo, baada ya muda utaanza kujiiga mwenyewe, na huo ni ugonjwa mwingine unaohitaji barua nyingine.

Kikundi usikiache, ila badilisha swali. Ukiwauliza "ni nzuri?" watasema ni nzuri, maana nao kesho watasoma zao. Wape kurasa bila jina pamoja na za wenzako wawili na uwaombe wakisie zipi ni zako, na kwa sentensi gani wamekutambua. Sentensi watakazozitaja zitakushangaza. Mara nyingi ni zile ulizotaka kuzifuta. Na kama kuna mmoja wa kumsikiliza zaidi ya wengine, unamjua, ni yule anayesema kidogo. Mwombe aweke alama kila anapokupoteza, asikueleze sababu. Sababu za wasomaji hukosea mara kwa mara. Mahali wanapochoka huwa ni pa kweli.

Sasa shindano. Peleka. Kusubiri hadi upate sauti ni kusubiri bila tarehe, na kalamu isiyotumika hailei chochote. Lakini usipeleke Zuhura alivyo. Mwondoe dirishani, anza na barua, na kama muda hautoshi kuandika upya yote, shughulikia ukurasa wa kwanza na wa mwisho, kwa kuwa msomaji mwenye rundo la hadithi mezani humwamua mtu mapema. Soma masharti kwa jicho lako la karani: idadi ya maneno, jina liwekwe wapi, hadithi isiwe imeshachapishwa. Wengi hutolewa kwa hayo kabla ya kusomwa. Na ukishatuma, anza ile ya kamati ya mazishi, usingoje matokeo. Usiposhinda hutajua kwa nini, maana ni waamuzi wachache wanaoandika maoni.